Kulala kwetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba yetu ya zamani nje ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda

Maswali haya tumeyaokota kwenye simu, kwenye ujumbe wa WhatsApp na mezani wakati wa chai ya jioni. Wengi wanaouliza ni wageni wa Nairobi, Mwanza, Bukoba, Goma na Beni, na watu wa Kampala wanaotaka kupumua siku mbili. Anayejibu ni mjukuu wa nyumba, yule anayepokea simu. Ukiona nimeandika "Kaaka", ni bibi yetu. Ndivyo Watooro, wenyeji wa huku, wanavyomwita bibi.

## Nyumba yenyewe

Hii ni hoteli, gesti au nyumba ya watu?

Ni nyumba ya watu. Ina vyumba saba vya kulala: vinne vya wageni, vitatu vyetu. Hakuna mapokezi wala kaunta. Anayekufungulia geti ndiye huenda akakupikia chai, na kesho yake utamwona shambani.

Unalipa, na pesa hiyo ndiyo inayobadilisha mabati yaliyooza na kulipa karo za watoto. Lakini utakula tunachokula, kwa saa tunayokula, na alfajiri unaweza kukutana na mjomba ukumbini amejifunga shuka akitafuta miwani yake. Mgeni anayetaka friji ya soda chumbani na televisheni ukutani huwa tunamwelekeza mjini bila kinyongo. Fort Portal ina hoteli nzuri.

Nani aliijenga, na ilikujaje kuwa yenu?

Ilijengwa na mkulima wa chai, Mwingereza, enzi za ukoloni. Ndiyo maana ina baraza pana pande tatu, meko ya kuotea moto sebuleni, na sakafu ya saruji nyekundu ambayo mpaka leo tunaipaka nta kila Jumamosi na kuisugua kwa miguu, kitambaa chini ya kila unyayo. Uhuru wa 1962 ulipokaribia, mzungu aliamua kuondoka. Babu alikuwa chifu wa gombolola. Akauza ng'ombe, akakopa, akanunua nyumba na kipande cha shamba.

Mzungu alibeba vitu vyake vyote isipokuwa meza ya chakula. Ni ya mvule, ya watu kumi na wawili, na fundi aliitengeneza humo humo chumbani. Haipiti mlangoni, wala dirishani, wala kwa ubavu.

Miaka ya sabini ilikuwa migumu kwa chai. Wahindi walifukuzwa 1972, viwanda vikasuasua, mashamba mengi yakaachwa. Watu wengi hawajui kwamba mchai ni mti. Ule tunaouona kama zulia la kijani hukaa chini kwa sababu ya kukatwa na kuchumwa kila mara. Ukiachwa, unapanda juu. Nyuma ya jiko letu upo mmoja uliobaki kutoka miaka hiyo, mrefu kupita paa la banda la kuku, unatoa maua meupe yenye kitovu cha njano. Wageni hupita chini yake wakiuliza shamba la chai liko wapi.

Vita vya 1979 vilipokuja, familia ilihamia kwa ndugu kijijini. Waliporudi, milango ilikuwa imeng'olewa, na masinki, na hata vitasa. Si sisi peke yetu: hata ikulu ya Omukama, mfalme wa Tooro, kilimani pale mjini iliporwa, ikakaa gofu miaka mingi mpaka ilipokarabatiwa kwa msaada wa Gaddafi wa Libya. Sisi hatukuwa na Gaddafi, tulikuwa na mashangazi wawili waliofanya kazi Kampala. Ndiyo maana milango yetu haifanani. Meza ya mvule waliikuta palepale, na alama za shoka kwenye mguu mmoja. Mtu alijaribu, akachoka.

Ule ufa kwenye ukuta wa chumba cha chakula ni salama?

Kila mgeni anauliza, na afadhali aulize. Huku tuko kwenye Bonde la Ufa la magharibi, ardhi inavutwa pande mbili, na matetemeko ni majirani zetu. Kubwa linalokumbukwa na wazee ni la 20 Machi 1966, lililoua watu wengi hapa Tooro. Lingine lilipiga Februari 1994. Ufa ulianza na la kwanza, la pili likaurefusha.

Ukisogea karibu utaona vipande vitatu vya kioo vimebandikwa kwa saruji, kila kimoja kikiwa kimevuka ufa kutoka upande huu hadi ule. Wageni hudhani ni mapambo. Ni kipimo cha fundi: ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinapasuka kabla macho hayajaona lolote. Kaaka huvikagua kila asubuhi kabla ya chai, kwa kidole. Hakuna hata kimoja kilichopasuka tangu vibandikwe.

Ukihisi nyumba inatikisika, toka nje uende kwenye nyasi za mbele, mbali na dohani. Matofali ya dohani ndiyo huanguka mwanzo.

Kuna mizimu?

Kuna popo darini. Wanatoka jua likizama, wanarudi alfajiri, na mabati yanapopoa usiku yanalia kama mtu anayetembea juu. Mengine muulize mjomba, lakini usimuulize usiku kama una moyo mwepesi.

## Kufika

Nikitokea Kampala nafikaje?

Barabara ya Mityana, Mubende, Kyenjojo hadi Fort Portal ni lami yote, karibu kilomita 300. Kwa gari binafsi hesabu saa tano, na usizichukue kwa pupa. Mubende kuna ukungu asubuhi na malori ya kuni bila taa usiku. Mabasi yanatoka Kampala mchana kutwa. Ukianza kuona chai pande zote mbili za barabara umeshaingia Kyenjojo, tupigie simu tuchemshe maji.

Kwa Wakenya: hapa "teksi" ndiyo matatu yenu. Ukitaka gari la peke yako sema "speshali", la sivyo utabanwa na watu kumi na nne na jogoo. Kutoka mjini mpaka kwetu boda boda inatosha kama mzigo ni mmoja, ila mvua ikinyesha ule mteremko wa mwisho ni matope mekundu. Vaa viatu usivyovipenda.

Na nikitokea upande wa Kongo?

Ukivukia Mpondwe unapita Kasese, halafu kama kilomita 75 kuja Fort Portal, milima ya Rwenzori ikiwa kushoto kwako njia nzima. Ukipitia Bundibugyo barabara inazunguka bega la kaskazini la mlima. Ni nzuri, ina kona nyingi, na mtoto anayetapika garini akae mbele. Kumbuka Uganda tunaendesha kushoto. Wageni wetu wa Beni na Goma hukosea hasa asubuhi, wanapotoka getini barabara ikiwa tupu.

Mpakani usalama hubadilika. Kabla ya kuanza safari uliza waliopita wiki hiyo, nasi tutakuambia tunachosikia.

Nibebe karatasi gani?

Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti ili asipoteze nusu siku kuelezana na askari. Wote mje na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Nikichelewa kufika?

Geti hufungwa saa nne usiku, na baada ya hapo mbwa wawili wanafunguliwa. Hawana elimu ya utalii. Piga simu ukiwa Kyenjojo au Kasese na mtu atakungoja. Chakula chako kitakuwa kwenye majani ya mgomba juu ya jiko, bado cha moto.

## Chumba, maji na taa

Kuna baridi kweli? Si ni karibu na ikweta?

Ikweta ipo, na baridi ipo. Tuko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mlimani kule kilele cha Margherita, mita 5,109, kina theluji. Usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 15, na mtu wa Mombasa ataona kama yuko Ulaya. Tunawasha moto sebuleni saa moja jioni, na kila kitanda kina blanketi mbili. Lete sweta na soksi.

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Ukitaka kuuona mlima bila mawingu jaribu Januari au Juni, uamke saa kumi na mbili. Saa tatu mlima umeshajifunika.

Maji ya kuoga ni ya moto?

Jioni, ndiyo. Nyuma ya jiko kuna pipa la chuma limejengewa tanuri chini yake, kama mzungu alivyoliacha, tunalitia kuni za mikaratusi saa kumi alasiri. Maji yanakwenda bafuni kwa bomba. Kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku ni moto wa kuunguza, kwa hiyo fungua la baridi kwanza. Baada ya hapo yanapoa, na hakuna swichi ya kuyaamsha. Watoto wasicheze karibu na pipa.

Maji ya kunywa yanachemshwa na kuwekwa kwenye mtungi wa udongo ukumbini. Chota kwa kata, mimina kwenye kikombe chako. Usinywee kata.

Umeme na intaneti?

Umeme upo, na hukatika. Taa za vyumbani ni za sola, kwa hiyo hutakaa gizani, lakini pasi na kikausha nywele sahau. Intaneti tunatumia ya simu. Inashika vizuri barazani kona ya mashariki, na ndiyo maana kuna kiti kimoja pale kilichochakaa kuliko vyote.

Mbu je?

Wachache kwa sababu ya baridi, lakini malaria ipo. Kila kitanda kina chandarua. Kishushe kabla jua halijazama.

Nimesikia wageni walitolewa vyumbani usiku na siafu. Ni kweli?

Ni kweli, na ilitokea mara mbili. Msimu wa mvua jeshi la siafu likiamua njia yake inapita ndani, halijadiliwi. Tunamwaga majivu kwenye vizingiti kuligeuza. Likishaingia tunawahamishia wageni sebuleni na kuliacha lipite. Saa mbili au tatu baadaye limeondoka, na limekula mende, buibui na mayai ya kila mdudu nyumbani. Kaaka anasema ni usafi wa bure. Mgeni wetu mmoja, mama wa Kisumu, alikaa juu ya meza ya mvule akiwa amekunja miguu, akanywa chai mpaka wakamaliza.

## Mezani

Tunakula nini?

Asubuhi chai ya maziwa yenye tangawizi, mayai, na siku nyingine katogo: matoke yaliyopikwa sufuria moja na karanga au matumbo. Mchana kila mtu na matembezi yake. Chakula kikubwa ni cha usiku, saa mbili, wote meza moja. Matoke ya kuvukishwa kwenye majani, mchuzi wa karanga, dodo (mchicha), viazi vitamu, kuku au nyama. Wageni wanaongojea wali tunawapikia, lakini Kaaka hukunja uso kidogo.

Ukibahatika utakuta firinda, na firinda ndiyo chakula cha Tooro hasa. Maharage hulowekwa usiku kucha, kisha yanamenywa ganda, moja baada ya jingine, kwa vidole. Beseni moja ni kazi ya mchana mzima. Mbegu iliyomenywa ni nyeupe na inateleza kama sabuni. Unaibana kidogo, inaruka kutoka kwenye ganda lake, na anayeanza kujifunza huzirusha mpaka kwenye maua. Baadaye yanachemshwa, yanapondwa na kuungwa kwa samli. Wageni wanakaribishwa kumenya barazani. Hatulazimishi, ila umbea wote mzuri wa kijiji hupita pale.

Firinda huliwa na akaro, ugali wa ulezi uliochanganywa na muhogo, unaokuja ndani ya kikapu cha kusukwa chenye kifuniko. Hakatwi kwa kisu, anamegwa kwa mkono, anachovywa, anamezwa. Nimeandika kama mtu kwa sababu ndivyo Kaaka anavyomzungumzia.

Mimi ni Mwislamu. Nyama ni halali? Naswalia wapi?

Kuku na mbuzi huchinjwa na jirani yetu Mwislamu, na nguruwe haingii jiko hili. Wanaomtaka, na huku ni wengi, wanamfuata kwenye senta. Kibla hapa ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Chumba cha pili kina mkeka na dirisha lake linatazama huko huko. Mwezi wa Ramadhani daku tunapika, tuambie tu usiku wake.

Sili nyama.

Utakula vizuri kuliko wote.

Pombe inaruhusiwa?

Lete yako, kunywa barazani. Tonto ya ndizi inapatikana kwa jirani, waragi haiingii mezani. Mkasa wake ni mrefu na mhusika bado yuko hai.

## Adabu za nyumba

Kwa nini kila mtu ananiuliza "empaako" yangu?

Kwa sababu bila hiyo hawajui wakusalimieje. Mtooro ana jina la ukoo, la dini, na juu ya hayo ana empaako, jina la heshima na upendo linalochaguliwa katika orodha fupi: Amooti, Akiiki, Abwoli, Adyeri, Araali, Atwoki, Ateenyi, Apuuli, Abooki, na mengine machache. Wanaume na wanawake huyatumia sawa. Okaali ni la Omukama peke yake, kwa hiyo usilichague. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu inafifia.

Watu wawili wakikutana huulizana empaako kwanza, ndipo salamu zifuate. Kumwita mzee kwa jina lake kavu ni kama kumvuta shati. Jioni yako ya kwanza Kaaka atakutazama, atakupa moja, na kuanzia hapo nyumba nzima itakuita hivyo. Ana siri yake ya kuchagua. Dereva mmoja wa lori kutoka Mwanza, pandikizi la mtu, alipewa Abwoli. Sasa akipiga simu anaanza kwa kusema, "Abwoli hapa," na sauti yake inalainika.

Mnazungumza Kiswahili?

Sisi vijana ndiyo. Sokoni Fort Portal utakisikia sana, kwa biashara ya Kasese na Kongo. Kikatiba ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005.

Lakini niseme jambo ambalo wageni wa Tanzania na Kenya hulishangaa. Kwa wazee wengi wa hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikipigiwa kelele, na baadhi ya waliokisikia hawakurudi nyumbani. Kaaka anakielewa chote na kwa miaka mingi hakukijibu. Siku hizi anakijibu, kwa wageni wanaoanza na "Oraire ota?", yaani umelalaje, na kumalizia na "Webale". Maneno mawili hayo yatakufungulia mlango kuliko salamu ya dakika tano ya Kiswahili fasaha.

Nije na zawadi? Si nimeshalipa?

Umeshalipa chumba. Kwenda kwa mtu mikono mitupu ni jambo lingine. Mkate, kilo ya sukari, sabuni, samaki mkavu kutoka Ziwa Viktoria: chochote kinachoingia jikoni. Hakuna atakayekudai. Maua yanapendeza, ila tunayo bustani nzima.

Nimuamkie Kaaka kwa kupiga magoti?

Utaona wasichana wa hapa wakipiga. Mgeni hadaiwi, inama kidogo, mpe mikono miwili, usimwache amesimama. Mwite Kaaka au kwa empaako yake, Akiiki.

Yale makaburi nyuma ya migomba ni ya nani?

Ni yetu. Babu yuko pale, na dada zake, na mtoto mmoja. Kwetu watu huzikwa nyumbani. Hata wafalme wa Tooro wana makaburi yao Karambi, kwenye barabara ya Kasese, unaweza kuyatembelea. Yetu unaweza kuyasogelea, ukimya ukiwa nao. Usikae juu ya saruji yake hata kama ndipo mlima unapoonekana vizuri. Tumeweka benchi pembeni kwa ajili hiyo.

Naweza kupiga picha?

Nyumba, bustani na mbega wanaokuja kwenye miparachichi, piga. Watu, omba kwanza. Ndege ya kamera (droni) tumekataa tangu moja iliposhuka katikati ya ibada ya Jumapili ya majirani.

## Malipo

Mnalipisha vipi?

Kwa kichwa, chakula cha usiku na cha asubuhi kikiwemo. Mtoto anayelala kitanda cha wazazi halipi. Anayelala kitanda chake hulipa nusu. Theluthi moja hutangulia ili kuthibitisha, kwa pesa za simu za MTN au Airtel, na zilizobaki ukifika. Kadi hatuna mashine yake. Badili pesa zako mjini kabla ya kupanda huku.

Nikighairi?

Siku tatu kabla, tunakurudishia yote. Chini ya hapo tunakushikia ile theluthi kwa safari nyingine, kwa sababu kuku tulishamnunua.

Bakshishi?

Kuna kibuyu ukumbini. Kinachoingia kinagawanywa sawa mwisho wa mwezi kati ya wa jikoni, wa shamba na mlinzi. Usimpe mmoja kwa siri; italeta maneno ambayo sisi tutabaki nayo wewe ukishaondoka.

## Matembezi

Nikiwa hapo nifanye nini?

Wengi wanakuja kwa ajili ya sokwe wa msitu wa Kibale. Safari huanzia Kanyanchu, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda; kikate mapema, hasa Juni hadi Septemba. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na chini sana ya wazungu, mradi ana kitambulisho mkononi. Watoto wadogo hawaingii. Jirani na hapo kuna kinamasi cha Bigodi, kinachoendeshwa na wanakijiji wenyewe, kizuri kwa ndege na nyani.

Maziwa ya kreta yametapakaa kusini mwa mji, na pango la Amabere ga Nyinamwiru liko karibu zaidi. Mawe yake yanadondosha maji meupe kama maziwa. Hadithi yasema mfalme Bukuku alimkata binti yake Nyinamwiru matiti, na mtoto Ndahura akanyonya matone hayo. Chemchemi za Sempaya, upande wa Bundibugyo, zinachemsha yai. Beba mayai yako, ya pale yana bei ya utalii.

Lakini nikisema kwa moyo wangu, siku moja usiende popote. Kaa barazani, wachumaji wanapopita na vikapu mgongoni saa moja asubuhi, uende nao nusu saa. Ni majani mawili na chipukizi lake, vidole viwili, bila kucha. Watakucheka. Chai utakayokunywa jioni utaitazama tofauti.

## Mambo ya nadra

Kukitokea msiba katika familia na mimi nimeshalipa?

Tutakupigia simu mara moja, turudishe pesa zote au tukutafutie pa kulala mjini. Ukiwa umeshafika, uamuzi ni wako. Ilitokea mara moja, dada yake babu alipofariki. Tulikuwa na wageni wanne wa Mwanza, mume, mke na watoto wao wakubwa. Tuliwaambia gari lipo tayari. Mama yule akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga kiunoni, akauliza visu viko wapi. Alimenya matoke na wanawake mpaka alfajiri, mumewe akakesha na wanaume kwenye moto wa nje. Hatukuweza kuwadai chochote baada ya hapo, na kila mwaka wanakuja, na tunagombana kuhusu malipo.

Naweza kufanyia harusi au utambulisho hapo?

Utambulisho wa watu hamsini, ndiyo, kwenye nyasi. Harusi ya watu mia tano, hapana. Sakafu na choo havitaki.

Nije na mbwa wangu?

Tazama swali la kuchelewa kufika.

Babu yangu aliwahi kufanya kazi au kuishi katika nyumba hiyo. Naweza kuja kuiona tu?

Njoo, hatulipishi chai. Wamekuja watoto wa wapishi, wa makarani, na mara moja mwanamke mzee wa Kiingereza aliyekuwa na picha ya baraza letu, mtoto wa miaka minne amekaa kwenye ngazi. Alikaa kwenye ngazi ile ile, Kaaka akakaa karibu naye. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha. Walikaa mpaka popo wakatoka. Ukiwa na picha au barua za zamani, tuletee tunakili. Zetu zilichomwa 1979 kuwashia moto.

Ile meza inauzwa?

Hapana. Na hata ingeuzwa, soma tena nani aliijenga nyumba.